Damu ya Bruma

Bruma, mbwa jike wa Livio, alianguka asubuhi ya Jumatatu, msimu wa tartufi nyeupe, ule uyoga wa thamani unaofukuliwa ardhini, ukiwa umepamba moto. Hakuwa akikimbia wala kuchimba. Livio alimwona amesimama chini ya mwaloni, ameinua pua, kisha miguu ya nyuma ikamlegea akaketi juu ya majani yaliyolowa. Akatapika maji ya manjano, akalala ubavu. Livio alimbeba mabegani kutoka bonde la Mirna hadi huku juu kijijini, mlima wote ule, na mwanamume mwenyewe anaukaribia umri wa miaka sitini. Sisi tuliokuwa tunakunywa kahawa nje ya duka tulimwona akipita. Hakumsalimu mtu.

Nevia, mkewe, alikuwa jikoni akijiandaa kwenda kazini. Hufua mashuka katika hoteli ya maji ya moto kule chini. Livio alimlaza mbwa mbele ya jiko, akavua kofia.

"Wamempa sumu," alisema.

"Nani?"

"Unamjua nani."

Alimjua. Ezio ni kaka yake Nevia, baba mmoja mama mmoja. Yeye na Livio walikuwa wakiingia msituni pamoja tangu harusi ya Nevia, mbwa wawili mbele na wanaume wawili nyuma, wakizozana njia nzima kama wake wenza. Kisha vuli ya mwaka uliotangulia wakagombana juu ya mwaloni mmoja kando ya mfereji. Livio alikwenda kuchimba pale peke yake bila kumngoja mwenzake, au Ezio ndiye aliyetangulia. Inategemea unamuuliza nani. Tangu siku hiyo kila mtu na njia yake. Baridi hiyohiyo, mbwa wawili wa kijiji cha jirani walikufa msituni kwa nyama yenye sumu. Aliyeitega hakujulikana, na kila mtafuta tartufi akaanza kumtazama mwenzake mikono.

"Gari lake lilikuwa pale darajani," Livio alisema. "Nimeliona kwa macho yangu."

"Gari lake liko pale kila siku. Anafanya kazi ileile unayofanya wewe."

"Mtetee tu. Damu nzito."

Nevia alichukua blanketi la kitandani, akamfunika Bruma, akamwambia mumewe awashe gari.

Daktari wa mifugo wa mjini anaitwa Tatjana. Ni mwanamke mwembamba, bado kijana, na ana tabia ya kuzungumza na mnyama kwanza na mwenye mnyama baadaye. Alimfungua Bruma mdomo, akamnusa pumzi, akakunja uso.

"Anakunywa maji sana?" aliuliza.

"Hapana," Livio alisema.

"Ndiyo," Nevia alisema. "Sana. Bakuli halikai. Najaza asubuhi, nikirudi limekauka kama sijawahi kuweka kitu. Ananikojolea jikoni, na hakuwa na tabia hiyo hata alipokuwa mdogo. Anakula chake na chetu, na bado mbavu unazihesabu."

Livio aligeuka kumtazama. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema ni joto. Joto likaisha nikakuambia tena, ukasema nisimpe supu ya manestra yenye chumvi."

"Amezaa karibuni? Mmemfunga kizazi?" Tatjana aliuliza.

"Hajafungwa," Livio alisema. "Kila mtu anataka mtoto wa Bruma. Alipata joto lake la kutaka dume mwisho wa kiangazi, lakini sikumpandisha mwaka huu."

Daktari alinyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, akaingiza sindano, akavuta damu. Tone moja aliliweka kwenye mashine ndogo ya mkononi. Nevia aliifahamu; marehemu mama yake alikuwa na kama hiyo kando ya kitanda. Mashine ikafikiri kidogo, ikalia.

"Ishirini na tisa," Tatjana alisema. "Mbwa mzima ana nne, tano, labda sita."

Kisha akapima na mkojo. Sukari ilikuwa imejaa hadi humo, na pamoja nayo ile tindikali ambayo mwili huitoa unapochoma mafuta yake wenyewe kwa kukosa chakula kingine.

"Ana kisukari," alisema. "Anakula, lakini chakula hakiingii mwilini, kinapita na mkojo. Ndiyo maana anakunywa, ndiyo maana anakonda. Na sasa amefika pabaya. Leo haendi nyumbani. Nitamtundikia maji na nitaanza insulini."

"Binti yangu," Livio alisema, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba, "mbwa huyu ameanguka leo. Jana alikuwa anafanya kazi. Kisukari gani cha kuanguka kama gunia? Sumu haiwezi kupandisha hiyo sukari yako?"

"Hofu inaweza kuipandisha kidogo. Maumivu pia. Kidogo. Si mpaka ishirini na tisa, na isingemwagika kwenye mkojo namna hii."

"Kwa hiyo inaweza."

Tatjana akavua glavu. Alionekana kama mtu aliyewahi kuwa na mazungumzo haya na watu wengine wengi.

"Sikiliza. Hiki kipimo kinaniambia sukari ya sasa hivi tu. Kiko kingine. Ndani ya damu mna protini, na sukari ikikaa juu siku nyingi inaigandia, kama vumbi linavyokaa kwenye kabati. Ikiwa sukari imepanda leo asubuhi, protini itakuwa safi, haina habari. Ikiwa iko juu tangu wiki mbili, tatu zilizopita, itaonekana. Mimi sikihitaji ili kumtibu. Wewe ndiye unakihitaji. Nitapeleka damu maabara Rijeka, kesho mchana nitakuwa na jibu."

"Peleka," Nevia alisema.

Jioni hiyo Livio alikuja kwenye kilabu cha mvinyo, na hakuna aliyemuuliza kitu, kwa maana habari zilishafika kabla yake. Aliagiza glasi ya malvazija, mvinyo mweupe wa huku, akainywa amesimama.

"Shemeji yangu amemlisha mbwa wangu sumu," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Mjue tu mnakaa na nani."

Mtu mmoja alikohoa. Hakuna aliyempinga. Kesho yake asubuhi Ezio alipoingia dukani kununua mkate, mazungumzo yalikatika, na mwenye duka akampa chenji yake juu ya meza badala ya mkononi.

Nevia alikwenda kwake mara tu baada ya hapo, kabla ya zamu yake. Ezio huishi peke yake tangu mkewe alipomwacha, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba ya mizabibu. Alimkuta akipasua kuni. Tref, mbwa wake mwekundu mwenye sikio lililochanika, alimkimbilia Nevia na kumlamba vidole.

"Umekuja kunusa mikono yangu?" Ezio alisema bila kusimamisha shoka.

"Nimekuja kukuona, kaka."

"Basi niulize."

"Nikuulize nini?"

"Usinifanye mtoto, Nevia. Niulize."

Alinyamaza. Kimya chenyewe hakikuwa kirefu, lakini kaka mtu alikisikia chote.

"Ulimpa kitu Bruma?"

"Hapana."

"Nakuamini."

"Sasa. Kabla sijajibu ulikuwa huniamini." Akasimamisha gogo jingine. "Nenda kazini, utachelewa."

Alishuka mlima akilia. Hakuwa akimlilia Livio wala mbwa. Alilia kwa sababu Ezio alikuwa amesema kweli.

Simu ya daktari ilimkuta Nevia kwenye mashine za kufulia, mikono imejaa mashuka. Ilibidi atoke nje kwenye maegesho ili asikie.

"Mia sita na ishirini," Tatjana alisema. "Ya kawaida haifiki mia nne."

"Niambie kwa lugha yangu, daktari."

"Sukari ya Bruma iko juu tangu wiki nyingi. Hakuna mtu aliyempa kitu Jumatatu. Alikuwa mgonjwa wakati wote mnamwona anafanya kazi. Mwambie mumeo. Na mwambie pia amekunywa maji leo bila kutapika, anaendelea."

Nevia hakungoja zamu iishe. Alimwomba mwenzake amshikie, akapanda gari, njia nzima akawa anajiandalia maneno. Alitaka kumwona Livio akiinamisha kichwa. Alitaka ampeleke kwa mkono mpaka kwa Ezio, kisha kilabuni, akayarudishe maneno yake palepale alipoyatolea.

Alimkuta ameketi mezani, hajawasha taa, hajala. Akampa habari yote akiwa bado mlangoni: mia sita na ishirini, wiki nyingi, hakuna sumu.

Livio hakuinamisha kichwa. Rangi ilimtoka, uso ukawa kama majivu.

"Ezio anamtoa Tref saa ngapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Tref. Mchana anamwacha nje saa ngapi?"

"Livio. Umefanya nini?"

"Leo alfajiri," alisema. "Kabla hakujapambazuka vizuri. Nyama ya kusaga. Kwenye uzio wake, upande wa mizabibu. Nilitia ile dawa ya kuulia konokono."

Nevia alitoa simu mfukoni. Livio akasimama, akamshika kifundo cha mkono.

"Usipige! Nitakwenda kuziokota kimyakimya. Dakika tano tu. Hatajua mtu."

"Achia mkono wangu."

"Nitafungwa, Nevia. Nikijulikana nimekwisha hapa. Tumekwisha mimi na wewe."

"Achia."

Alimwachia. Simu ya kwanza haikupokelewa, wala ya pili. Ya tatu ilipokelewa.

"Kama unataka kuniuliza tena..." Ezio alianza.

"Tref yuko wapi?"

"Nje. Kwa nini?"

"Mkamate! Livio ametega nyama yenye sumu kwenye uzio wako, upande wa mizabibu. Usiniulize, kaka, mkamate kwanza!"

Hakusikia jibu. Alisikia simu ikigonga kitu kigumu, kisha kwa mbali sauti ya kaka yake ikiita mbwa, mara moja, mara mbili, na mara ya tatu ikiwa si sauti ya mtu anayeita tu.

Walipofika, Ezio alikuwa amepiga magoti kwenye kijia cha mizabibu, amemkumbatia Tref. Taya la mbwa lilikuwa linatetemeka kama la mtu aliyeshikwa na baridi. Ezio aliwatazama wote wawili. Hakutukana. Alimwinua mbwa, akaingia naye kwenye gari la Nevia kiti cha nyuma.

"Endesha," alimwambia dada yake.

Livio alibaki pale kwenye uzio na mfuko wa plastiki, akiokota alichokitega, ameinama hivyohivyo mpaka gari likapotea kwenye kona.

Tatjana alimtapisha Tref juu ya meza ya chuma. Nyama ilitoka, na ndani yake chembe za buluu zilizokuwa hazijayeyuka. Miguu ilianza kumruka ovyo, ikabidi achomwe dawa ya kumtuliza na atundikiwe maji. Daktari alifanya kazi bila neno. Alipomaliza alisema tu kwamba wangemleta saa moja baadaye angekuwa anawapa pole.

Chumba cha wagonjwa ni kidogo, vizimba viwili juu na viwili chini. Tref aliwekwa chini, karibu na Bruma. Bruma aliinua kichwa, akanusa upande ule kupitia chuma, mkia ukapiga sakafu mara moja. Walikua pamoja hao.

Ezio alichuchumaa mbele yake.

"Na huyu ana nini hasa?"

"Sukari."

"Kama mama."

"Kama mama."

"Unakumbuka alivyokuwa akinywa? Anaficha jagi chini ya kitanda ili baba asimseme." Alipitisha kidole kwenye chuma, akamkuna Bruma paji la uso. Kisha bila kugeuka akasema, "Hii nitaipeleka polisi."

"Ipeleke."

"Ni mume wako."

"Ipeleke, kaka."

Akaipeleka. Livio hakukana. Mahakama ilimtoza faini na kumpa kifungo cha nje, na leseni ya tartufi akanyang'anywa kwa miaka mitatu. Kilabuni hakuna aliyemfukuza, ila alipoketi meza moja, wengine wakakumbuka wana kazi nyumbani. Baada ya mara mbili tatu akaacha kuja. Ezio alipoingia dukani sasa watu walimpa mkono na kumuuliza hali ya Tref, naye akawajibu kwa adabu ya mtu asiyesahau. Nevia alihamia chumba cha nyuma kilichokuwa cha mama yake. Hakuondoka. Walipomuuliza kwa nini, alisema mbwa anahitaji watu wawili.

Hilo lilikuwa kweli. Bruma alirudi nyumbani akiwa na chupa ya insulini ya kuweka kwenye friji, na sheria zake: anakula kwanza, kisha anachomwa, asubuhi na jioni, saa zilezile. Alifungwa kizazi mara alipopata nguvu, kwa maana daktari alisema kila joto la kutaka dume lingemvurugia sukari upya. Mikono ya Livio iliyozoea kuchimbua tartufi bila kuikwaruza haikuijua sindano nyembamba kama unywele. Siku ya kwanza alichoma manyoya, insulini ikamlowanisha mbwa shingo. Nevia alimtazama tu. Siku ya pili alichoma ngozi.

Kisha ikaja kazi ya kupima. Daktari hakutaka kujua sukari ya saa moja peke yake. Alitaka kuona baada ya sindano inashuka mpaka wapi, na inaanza kupanda wakati gani. Kwa hiyo Jumapili moja walishinda na Bruma jikoni kutwa nzima, kila baada ya saa mbili tone la damu kutoka ukingo wa sikio, pale penye mshipa mwembamba. Livio alilipasha sikio moto kwa kiganja, Nevia akadunga, Livio akashika mashine. Ndiyo siku waliyokaa pamoja muda mrefu kuliko zote tangu yatokee, na maneno waliyosemezana yalikuwa "shika", "bado", na tarakimu. Jioni wakamsomea daktari kwa simu, akapandisha dozi kidogo.

Labda kidogo hicho kilizidi. Wiki moja baada ya hapo, mchana, Bruma aliingia jikoni akiyumba. Aligonga mguu wa meza, akasimama akitetemeka, akawatazama kama asiyewajua.

"Sukari imempanda tena!" Livio alisema, na tayari ameshafungua friji. "Ndivyo alivyokuwa msituni. Nimchome upesi."

"Pima kwanza."

"Atakufa tukipima!"

"Ulishawahi kutenda kabla ya kupima," Nevia alisema. "Weka hiyo chupa chini."

Aliiweka. Sikio lilikuwa baridi, damu haikutaka kutoka, ikabidi wadunge mara tatu. Mashine ikalia: mbili nukta tatu. Sukari haikuwa imepanda, ilikuwa imekwisha. Sindano ile ingemuua mikononi mwao. Nevia alichovya kidole kwenye asali, akampaka Bruma kwenye fizi, tena na tena, na Livio akiwa amemshikilia kichwa. Baada ya muda ulimi ukaanza kulamba wenyewe. Walipopima tena ilikuwa nne, kisha sita, kisha Bruma akasimama akaenda kwenye bakuli lake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Livio alibaki ameketi sakafuni, mgongo kwenye friji.

"Nilikuwa na hakika," alisema. "Nevia, nilikuwa na hakika kabisa. Kama siku ile."

"Najua," alisema mkewe. Akanawa mikono, akaenda kumpigia daktari wapunguze dozi.

Macho ya Bruma yaliingia ukungu mapema Januari. Kwanza yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, kisha meupe kabisa. Daktari alikuwa amewaonya: kwa mbwa wenye kisukari macho mara nyingi hayaponi, hata sukari ikitulia. Bruma alijifunza nyumba kwa pua, kiti kwa kiti.

Mwezi wa pili barafu ilishika ngazi za nje. Livio aliteleza akiwa amebeba kuni, akavunjika mkono wa kulia. Wakamtia plasta mpaka juu ya kiwiko. Nevia alikuwa zamu za jioni mwezi huo mzima, na kila jirani aliyemwomba aje kuchoma sindano alikuwa na sababu yake: huyu anaogopa sindano, yule ana wajukuu. Hakumwendea Ezio kuomba. Alimweleza tu, kama habari, alipompelekea supu.

Ezio alikunywa supu yote kabla ya kusema kitu.

"Sindano ni saa ngapi?"

"Saa moja jioni."

"Mwambie auache mlango wazi. Sitabisha hodi kwake."

Akaja. Aliingia bila salamu, akavua viatu, akanawa mikono kwenye sinki, akampa Bruma chakula. Livio alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko. Mbwa alipomaliza kula, Ezio aliketi sakafuni.

"Haya bibi, leta sikio," alimwambia Bruma. "Usinitazame hivyo, hata hunioni."

Alidunga, akapima, akachoma, akamsugua mgongo. Kisha akampigia Nevia kumtajia tarakimu, akavaa viatu, akaondoka. Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile. Kwa Livio hakuwa na neno, hata la kusema sogea. Alimzunguka kama anavyozunguka kabati.

Livio alivumilia siku kadhaa. Jioni moja theluji ikianguka, akashindwa.

"Ezio."

Ezio alikuwa ameshika sikio, analipasha moto.

"Ezio, sina la kujitetea. Nimekaa na jambo hili kila siku. Tref alikuwa akila mkate mkononi mwangu. Nilikuwa namjua vizuri, nilijua kabisa anapenda nyama ya namna gani, na hiyo ndiyo niliyo..."

"Nyamaza," Ezio alisema. "Mbwa anakusikia unavyotetemeka. Utampandisha sukari bure."

Machozi yalimtoka Livio, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa kwenye plasta na mwingine ulikuwa unashikilia kiti, hakuyafuta. Tone la damu likatokea kwenye ukingo wa sikio. Mashine ikalia.

"Ngapi?" Livio aliuliza.

Ezio alikaa na ile mashine mkononi muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma tarakimu moja.

"Kumi," alisema.

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kati yao, mbali na kunyamazishwa. Tangu jioni hiyo Livio aliuliza kila siku, na Ezio akamjibu kila siku, tarakimu tupu. Kumi na moja. Tisa. Kumi na mbili. Maneno hayakuongezeka.

Mwezi wa nne plasta ilikuwa imeshatolewa na Ezio alikuwa ameacha kuja. Damu ya Bruma ilipelekwa tena Rijeka, kile kipimo cha protini. Ikarudi mia tatu na tisini. Tatjana alisema kwa mbwa anayeishi kwa sindano hiyo ni nzuri, asitafute nzuri kuliko hiyo. Nevia alipomwambia kaka yake, alimuuliza pia, kwa kuwa asingeweza kuendelea bila kuuliza:

"Umemsamehe?"

"Sijui. Nilikuja kwa ajili ya mbwa."

"Basi?"

"Basi usinisukume, Nevia. Tartufi nyeusi zinaanza mwezi ujao. Mlete Bruma. Macho hayachimbi."

Siku waliyokwenda, Livio aliamka kabla ya mkewe. Alimlisha Bruma, akamchoma sindano, akapaki begi dogo: mashine ya sukari, vijiti vyake, biskuti, asali, maji mengi. Akamfunga kamba ya shingoni, akaijaribu isimbane. Ezio alingoja barabarani na Tref, hakuingia uani. Nevia alichukua kamba na begi.

"Akianza kuyumba..." Livio alisema.

"Napima kwanza."

"Ndiyo. Unapima kwanza."

Alisimama mlangoni akawatazama wakiteremka: Tref mbele, Bruma nyuma yake na pua karibu na mkia wa mwenzake, kisha wale ndugu wawili. Kwenye kona ya kanisa Bruma alisimama, akageuza kichwa kuelekea nyumbani, akinusa. Ezio akampigia mluzi kidogo, naye Bruma akafuata. Hakuna aliyemwita Livio, naye hakutarajia kuitwa. Akarudi ndani kusuuza bakuli.